Nimeambiwa nilipwe asilimia 10 ya michango ninayoleta. Wachangishaji wenzangu, hii ni sawa?

BintiChikongola:
Habari za jioni wanajamvi. Niko Mtwara mjini, natafuta michango kwa ajili ya shirika dogo linalojenga bweni la wasichana wa sekondari huko Tandahimba. Wengi wanatoka vijiji vya mbali, kwa hiyo wanapanga vyumba mtaani wakiwa na miaka 14 au 15, na yanayowakuta huko mnayajua. Kazi hii naipenda kwa moyo wote.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Juzi mwenyekiti wa bodi kaniita, kasema shirika halina tena uwezo wa kunilipa mshahara, hivyo nichukue asilimia 10 ya kila mchango nitakaoleta. Akaongeza kwamba nije na majina na namba za wafadhili wa shirika nililofanyia kazi Lindi kabla ya hapa, kwa sababu nyingi bado ninazo kwenye simu. Na kwa kuwa msimu wa korosho umefika, anataka tupite vijijini tuchangishe wakulima, pesa ziingie kwenye laini ya mweka hazina maana benki wanachelewesha.

Mshahara nauhitaji, nina watoto wawili wanasoma. Lakini roho haijatulia. Waliokaa kwenye kazi hii, kuna miiko inayoeleweka, au kila mtu anafanya anavyoona?

Kaka wa Masasi:
Dada, chukua. Dalali wa kiwanja analipwa kamisheni, wakala wa bima vilevile. Usipoleta pesa hulipwi, ukileta unalipwa. Nani kaibiwa hapo?

MamaMikindani:
Mdogo wangu, usikubali. Na wewe kaka wa Masasi naomba unisikilize, maana kazi hii nimeifanya tangu kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga kikiwa bado vumbi na matope, na hoja yako nimeisikia mara nyingi.

Anayenunua kiwanja kwa dalali anaondoka na kiwanja chake. Anayechangia bweni haondoki na kitu mkononi. Ametoa kwa sababu ameamini kwamba pesa yake inakwenda kwa yule msichana. Chukua mfano: mtu katoa milioni 8 za vitanda vya deka, vile vya kulala wawili juu na chini, laki mbili kila kimoja, yaani vitanda 40. Kata asilimia 10, vitanda vinne havipo. Wasichana wanane watalala chini, na aliyetoa hakuambiwa. Huyo ndiye aliyeibiwa.

Miiko ipo, na si ya jana. Chama cha wachangishaji cha Marekani, AFP, kilianza mwaka 1960 na kufikia 1964 kilikuwa na kanuni zake za maadili. Mwanachama haruhusiwi kulipwa kwa asilimia ya michango, wala kupokea au kutoa malipo ya kumleta mfadhili. Bonasi ya kazi nzuri inaruhusiwa, ila isihesabiwe kwa asilimia ya pesa iliyoingia. Sisi si wanachama wao na hawawezi kutuadhibu, lakini sababu za katazo hilo ziko hapa kwetu vilevile. Mchango mkubwa haupatikani kwa siku moja. Mfadhili anayetoa leo pengine alianza kuzungumza na aliyekutangulia, akatembelewa na mwalimu mkuu, akapelekewa picha za msingi ulipochimbwa. Asilimia inampa jasho lote hilo mtu mmoja, yule aliyekuwepo siku hundi ilipotoka. Tena inakufundisha kukimbilia wenye nacho na kuwasukuma. Mjane akikwambia "nipe muda nishauriane na wanangu", mwenye mshahara atasubiri. Mwenye asilimia na kodi ya nyumba inayodaiwa atarudi kesho asubuhi.

Halafu unakwenda kwa wakulima wa korosho! Hakuna watu nchi hii wanaojua makato kama wao. Mkulima wa Tandahimba anakuhesabia kila shilingi iliyokatwa kwenye kilo tangu chama cha msingi, ghala, usafiri mpaka ushuru wa halmashauri. Swali la kwanza atakalokuuliza ni "na nyie mnakata ngapi?" Utamjibu nini?

Kuna jingine linaloniuma. Msichangishe mbele ya mtendaji wa kijiji huku majina yanasomwa, fulani katoa, fulani hajatoa. Nimeona mzee anasimama kuahidi kilo 50 kwa aibu tu, na mavuno yake yote nayajua. Hapo mchango umeshageuka kodi. Anayetaka kutoa atatoa, na asiyetoa jina lake lisitajwe popote.

Mhasibu Nachingwea:
Shikamoo Mama. Naongezea upande wa vitabu.

Orodha ya wafadhili wa Lindi ni mali ya shirika la Lindi, hata kama namba umezishika kichwani. Wale watu waliwapa wao taarifa zao, kwa kazi ile. Kanuni za AFP zinasema hivyohivyo, na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zifute kwenye simu. Mfadhili akikutafuta mwenyewe kwa hiari yake, hilo ni jambo tofauti.

Laini ya mweka hazina, hapana. Akifariki kesho, ile pesa ni mirathi, na ndugu zake hawatakuelewa. Fungueni lipa namba kwa jina la shirika, akaunti iwe na watia saini wawili. Huko vijijini beba kitabu cha stakabadhi chenye kaboni: nakala moja apewe mchangiaji palepale, moja iende kwa mhasibu, ya tatu ibaki kitabuni. Ukurasa ulioharibika usichanwe, piga mistari miwili uandike "imefutwa". Mkulima akiahidi korosho, andika kilo, usiandike shilingi, maana bei ya mnada hakuna anayeijua, na usimdai kabla malipo yake hayajaingia.

Pia pesa ya vitanda inunue vitanda. Mkiona saruji ndiyo inayohitajika zaidi, rudini kwa mtoaji mumwombe ruhusa kwanza, kwa maandishi. Na mkivuka milioni 20 kumbukeni Kanuni za NGO za 2018, zinadai mtangaze hadharani mapato na matumizi. Hiyo asilimia 10 mtaiandika kwenye mstari gani?

Kaka wa Masasi:
Hilo la vitanda sikulifikiria. Lakini dada ale nini? Shirika limesema halina mshahara.

BintiChikongola:
Hapo ndipo ninapokwama. Nimwambie nini mwenyekiti bila kumvunjia heshima? Ni mtu mzima, rika la baba yangu.

MamaMikindani:
Nenda na heshima zako zote, lakini nenda na karatasi. Omba mshahara wa kiwango maalumu, hata ukiwa mdogo kuliko wa sasa, au siku tatu kwa wiki. Uwekwe kwenye bajeti ya mradi na wafadhili wauone. Wapo watakaokubali kulipia gharama hiyo wakijua wazi ni mshahara. Mimi mshahara wangu ulilipwa hivyo kwa muda mrefu, na kila aliyeuliza nilimwonyesha. Kama wanataka kukupa motisha, bodi ipitishe bonasi ya mwisho wa mwaka, kiasi kijulikane mapema, na wapime kazi: taarifa zimefika kwa wakati? Wachangiaji wa mwaka jana wamerudi? Stakabadhi zote zimekamilika?

Barua iandikie bodi nzima, usimwandikie yeye peke yake, kisha mpelekee nakala mkononi kabla ya kikao ili asishtukizwe. Wakikataa, omba uamuzi uingie kwenye muhtasari. Nitumie rasimu hapa kesho tuisome pamoja, na Mhasibu akutengenezee huo mstari wa bajeti.

Mhasibu Nachingwea:
Nipe makisio ya bweni na idadi ya miezi. Kesho jioni utakuwa nao.