Matembezi ya hisani yalianzia wapi?

Mjumbe wa Mtaa: Ndugu wanajukwaa, kamati yetu inaandaa matembezi ya hisani ili kuchangia ukarabati wa zahanati. Mjumbe mmoja ameuliza desturi hii ilianzia wapi, na mtu asiye na kitu mfukoni anachangia nini kwa kutembea tu.

Msomaji Mkongwe: Kwa sura tunayoijua, ilienea Amerika ya Kaskazini miaka ya 1960. Mwaka 1967, Kanada ilipoadhimisha miaka 100 ya shirikisho lake, miji mingi iliandaa matembezi ya Miles for Millions ili kuchangia maendeleo katika nchi maskini. Mwaka 1969 watu wapatao elfu moja walitembea Bismarck, North Dakota, Marekani, kuchangia vita dhidi ya njaa, na mwaka 1970 March of Dimes, shirika la Marekani la afya ya watoto wachanga, likaanza matembezi yake.

Kuhusu mfuko mtupu, jibu liko kwenye kadi. Mtembeaji alipita kwa jirani, mwalimu na mwenye duka, kila mmoja akaandika atalipa senti ngapi kwa kila maili; njiani kadi iligongwa mihuri ili kuthibitisha umbali, kisha mtembeaji akarudi kudai ahadi zake. Kwa hiyo hata mwanafunzi asiye na senti aliweza kuleta fedha nyingi kuliko tajiri aliyebaki nyumbani.

Mama Kamati: Asiachwe Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia kwa siku 143, kilomita 5,373, hadi saratani ilipomrudia, akitaka kila Mkanada achangie dola moja kwa utafiti wa saratani. Mbio za kumuenzi, zilizoanza 1981 baada ya kifo chake, hazina mshindi wala kiingilio.

Kwetu, kinyume chake, mara nyingi mshiriki hununua fulana na kampuni hutoa hundi (picha ya hundi kubwa haikosekani), kwa hiyo mtembeaji habebi ahadi ya mtu yeyote. Nashangaa kwa nini, maana kwa michango ya harusi tunajua vizuri kugawa kadi, kuandika ahadi na kuzifuatilia bila haya. Gaweni kadi za ahadi kwa kila kilomita wiki tatu kabla, na mweka hazina afunge daftari wiki mbili baada ya matembezi.