Vikwazo dhidi ya Burundi, 1996 hadi 1999: je, vilisaidia?

Swali

Ndugu zangu, nilifuatilia kwa makini vikwazo ambavyo ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliiwekea Niger baada ya mapinduzi ya Julai 2023, ambapo Nigeria ilikata hata umeme iliokuwa ikiiuzia nchi hiyo. Sehemu kubwa ya vikwazo hivyo iliondolewa Februari 2024, huku Rais Mohamed Bazoum akiwa bado kizuizini. Nimeikumbuka Burundi. Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mara ya pili tarehe 25 Julai 1996, na siku sita baadaye wakuu wa nchi za eneo letu walikutana Arusha na kumwekea vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Je, vilimsogeza kwenye demokrasia, au viliwaumiza raia tu?

Jibu la kwanza, kutoka Dodoma

Ndugu, mimi ni mwalimu wa historia, na kwa maoni yangu vilimsogeza. Masharti yalikuwa machache na ya wazi: Bunge lirejeshwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo yaanze na pande zote bila masharti, yakiwemo makundi yenye silaha. Burundi haina bandari, kahawa yake ilitegemea kupita Dar es Salaam, na majirani zake wote, yaani Tanzania, Rwanda na Zaire, walikubaliana kufunga njia. Kabla ya mwaka huo kwisha Buyoya alikwisha kulifungua Bunge na kuviruhusu vyama, ingawa wabunge wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Tena alikuwepo msuluhishi, Mwalimu Nyerere, na kwa hiyo aliyebanwa alijua aende wapi kuzungumza. Niger haikubanwa pande zote namna hiyo, kwa kuwa Mali na Burkina Faso zilisimama nayo tangu mwanzo.

Jibu la pili, kutoka Bujumbura

Mwalimu, naheshimu maelezo yako, lakini sisi tuliokuwa ndani tuliyaona mengine. Bei ya mafuta ilipanda, na kila kitu kinachosafirishwa kwa gari kikapanda nayo. Magendo yalistawi, na waliotajirika ni wale waliokuwa na jamaa katika jeshi au serikalini, kwa sababu hakuna lori la magendo linalopita kizuizini bila kibali cha mkubwa fulani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya jeshi na makundi ya waasi, havikupungua. Mkulima wa mlimani, ambaye hakushauriwa kuhusu mapinduzi wala kuhusu vikwazo, ndiye aliyekosa mbolea na chumvi. Serikali nayo ilipata kisingizio cha kudumu: kila shida ya nchi ilisemwa kuwa imeletwa na Arusha.

Jibu la tatu, kutoka Kigoma

Tuangalie mfuatano wa mambo. Juni 1998 Buyoya alifikia maafikiano na Bunge lililokuwa na wengi wa FRODEBU, chama kilichoshinda uchaguzi wa 1993, na mwezi huohuo mazungumzo ya Arusha yakafunguliwa. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999, na mazungumzo hayakuvunjika, hata baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba mwaka huo na Mandela kushika nafasi yake. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na uchaguzi ukafanyika 2005. Kwa hiyo nasema vikwazo vilimfikisha mezani, lakini kilichomweka hapo kwa miaka miwili zaidi ni usuluhishi wenyewe.

Jibu la pili, tena

Kuhusu kumfikisha mezani nakubaliana nawe, ndugu wa Kigoma. Ninachokipinga ni namna. Kahawa na mafuta vingeweza kuzuiwa bila kumnyima mkulima mbolea na chumvi, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyolisha hazina ya serikali. Pembejeo za kilimo ziliporuhusiwa kwa upana mwezi Aprili 1997, misimu miwili ya kupanda ilikuwa imekwisha kupita.