Naomba ushauri: niongeze metali ya vanadi au ya niobi kwenye feleji yenye manganisi nyingi?

Habari wakuu. Nashughulika na feleji ya manganisi, ile iliyobuniwa na Mwingereza Robert Hadfield mwaka 1882: manganisi takriban asilimia 12, kaboni karibu asilimia 1.2. Sifa yake mnaijua, kadiri inavyogongwa ndivyo uso unavyozidi kuwa mgumu. Shida ni kabla ya hapo. Inabonyea mapema mno, na kifaa kinapoteza umbo uso ukiwa bado haujakomaa.

Nataka kuongeza vanadi kidogo ili chembe ndogo sana za kabaidi (muungano wa metali na kaboni) zijitenge ndani ya punje, yaani fuwele ndogo, za austeniti (umbo la chuma ambalo feleji hii inalo) na kuzuia tabaka za atomi zisiteleze ovyo. Nimeegemea vanadi kwa sababu kabaidi yake huyeyuka ndani ya austeniti kwa urahisi kuliko ya niobi au titani. Hizo mbili zinaweza kubaki madonge tangu feleji inapoganda, na donge kubwa ni mwanzo wa ufa.

Kinachonitia hofu ni joto. Kawaida feleji hii hupashwa hadi karibu nyuzi 1050 za Selsiasi kisha huzimwa kwenye maji, ili kabaidi za mipakani mwa punje ziishe. Nikiipasha tena ili kabaidi ya vanadi itokee, zile za mipakani nazo hurudi, na ushupavu wote unapotea.

Je, nipunguze kaboni kwanza? Lakini kaboni hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuimarisha austeniti, na vanadi nayo itachukua sehemu yake. Aliyewahi kulifanya hili, naomba anieleze alipasha nyuzi ngapi na kwa muda gani. Mwenye picha za hadubini za mipaka ya punje atakuwa amenisaidia sana.