Uliingiaje udaktari na matokeo ya kawaida? Tupeane uzoefu

Mtoa mada

Wakuu, habari za humu.

Matokeo ya kidato cha sita yametoka na kwetu hakulaliki. Mdogo wangu kasoma PCB, kapata Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Divisheni 2 ya pointi 10. Si mabaya, ila si yale ya kupigishwa picha na mkuu wa shule. Dogo tangu yuko msingi anaimba udaktari. Baba kamwambia aende ualimu wa sayansi, mama kamnunia baba, na mimi ndiye nimekabidhiwa jukumu la "kuangalia kwenye mtandao".

Nimeshinda na kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, siku nzima kabla sijang'amua kwamba kuna pointi za aina mbili. Za NECTA, yaani Baraza la Mitihani, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri. Za TCU zimegeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kumi ya dogo kule ni nane huku. Udaktari wa binadamu kima cha chini ni pointi 6 za TCU kwenye hayo masomo matatu. Mjomba alishaanza kupigia watu simu kwamba mtoto kavuka kwa pointi nne nzima, kumbe katoa sita kwenye kumi ya NECTA; kavuka kwa mbili.

Najua kufikisha vigezo ni jambo moja, kuchaguliwa ni lingine. Naomba waliopita na matokeo kama haya waseme walipenyaje. Wa AAA hongereni sana, ila uzi huu mtupishe kidogo.

Kibarua wa Udahili

Niliwahi kufanya kazi ya muda ofisi ya udahili, chuo sikitaji. Nikwambie nilichokiona kwa macho.

Zamani maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu udahili wa 2017/18 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, tena vyuo vingi apendavyo. Sasa fikiria mtoto wa AAB. Kaomba vyuo vitano, vyote vitano vimemchukua. Atathibitisha kimoja. Vile vinne vingine vimebaki na kiti kitupu, na viti hivyo havipotei, vinarudi dirisha la pili.

Orodha ya awamu ya kwanza ikitoka, watu wa matokeo ya kati wanakuta jina halipo, wanalia, wanakimbilia kozi yoyote. Wiki mbili baadaye sisi tunaita watu wa pointi 8 na hata 7. Dogo asikate tamaa awamu ya kwanza. Na asithibitishe kozi nyingine kwa hasira, maana ukishathibitisha umejifunga, na kujitoa kuna mlolongo wake.

Mtoa mada

Mkuu umenipa pumzi. Kwa hiyo aombe vyuo vingapi?

Kibarua wa Udahili

Vinavyoruhusiwa na mfuko. Kila chuo kina ada yake ya maombi, hairudishwi. Ila usimwekee vyote vya Dar.

Binti wa CDD

Hapo kwenye Dar ndipo nilipoanguka. Nilikuwa na CDD, pointi 7 za TCU. Nikaomba vyuo vitatu, vyote mjini, vyote vile ambavyo kila mtu anavijua. Kwa nini? Kwa sababu shangazi anakaa Tabata na nilijua nitakula kwake. Kote nikakosa.

Dirisha la pili nikakaa na ramani. Udaktari unafundishwa Mwanza, Moshi, Dodoma, Mbeya, Ifakara, Zanzibar. Nikaomba mikoani nikapata. Pesa ya ada ilitutoa jasho kwa sababu kilikuwa chuo binafsi na mkopo haukufunika ada yote. Baba aliuza kiwanja cha Chanika, na hadi leo kila tukipita kile kiwanja ananyamaza. Sitaki kuwadanganya kwamba ilikuwa rahisi.

Shemeji Msumbufu

Mimi kisa changu ni cha steshenari.

Wadogo zetu wakimaliza form six wanaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Matokeo na maombi vinawakuta kambini, simu hawana. Mdogo wa mke wangu alikuwa kambini, kwa hiyo dada yake akaenda steshenari iliyo jirani na stendi kumfanyia maombi. Kijana pale alikuwa na foleni ya watu ishirini, anajaza huku anakula mhogo. Kaingiza namba ya mtihani sawa, jina sawa. Sehemu ya namba ya simu kaweka ya kwake "ili zoezi liende haraka". Na neno la siri kaweka la kwake, moja kwa wateja wote.

Majina yametoka, binti kachaguliwa vyuo viwili. Aliyepata zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu. Ujumbe ukaenda kwa yule kijana. Kwenda steshenari, imefungwa, kaunta imegeuka ya kuuza vocha. Tulimtafuta siku mbili. Tukamkuta Mbezi kwenye banda la chipsi, laini ile kashaiweka kwenye simu ya mpenzi wake aliyesafiri. Zilibaki saa chache dirisha lifungwe, mke wangu analia barabarani, mimi namrushia nauli mtu nisiyemjua ili akubali kusoma tarakimu.

Ilikuwa MD, yaani digrii ya udaktari, tena chuo cha serikali. Pointi zake zilikuwa 8, kama za dogo wako.

Namba iwe yako. Barua pepe yako. Neno la siri liandike kwenye daftari, si kwenye kichwa cha kijana wa steshenari.

Tabibu wa Kijijini

Nimesoma hayo yote nikacheka, maana mimi form six sikuikanyaga.

Nilimaliza kidato cha nne 2009. Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiingereza D, Hisabati F. Nikaingia diploma ya utabibu, miaka mitatu, nikatoka nikapangiwa kituo cha afya mkoa wa Tabora. Nilikuwa mzuri kazini, najisifu. GPA yangu, yaani wastani wa matokeo, ilikuwa 3.9. 2018 nikaomba MD kwa njia ya diploma nikiwa na uhakika kama wa jua kuchomoza. Nikakataliwa na vyuo vyote.

Ile F. Kwa anayetokea diploma, wanarudi kuangalia cheti cha form four: angalau D za Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na Kiingereza. Miaka tisa ile F ililala kabatini na wala haikuwahi kunisumbua, kumbe ilikuwa inanisubiri.

Nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo moja. Nina miaka 27, mtoto mmoja, zamu za usiku. Mwalimu wangu alikuwa mtoto wa jirani, form three. Alikuja jioni na daftari na jambo la kwanza aliniuliza, "Dokta, unataka A au unataka kupita?" Nikamwambia kupita. Akasema basi tuachane na trigonometria. D inaanzia 30, tutaitafuta kwenye seti, takwimu, matriki na mahesabu ya biashara. Malipo yake yalikuwa soda na kumpima malaria bure kila akihisi homa, na alikuwa anahisi homa sana.

Novemba nikakaa kwenye chumba cha mtihani, namba yangu inaanza na P. Kulikuwa na mama mmoja mnene pembeni yangu, polisi mmoja, na mabinti waliokuwa wanarudia. Msimamizi alikuwa mume wa mgonjwa niliyemzalisha. Alinisalimia "shikamoo dokta" mbele ya watu wote, nikatamani kuingia chini ya meza.

Nikapata D. Alama ngapi sijui, wala sikuuliza. Mwaka uliofuata nikachaguliwa.

Mwajiriwa wa halmashauri akumbuke jambo moja: ruhusa ya masomo. Jina liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri mapema, usisubiri barua ya chuo mkononi ndipo uanze kuzunguka ofisi ya utumishi. Mwenzangu aliondoka bila ruhusa, mshahara ukasimamishwa akiwa mwaka wa kwanza.

Mtoa mada

Dokta, dogo hisabati form four alipata D. Nimeenda kuangalia cheti sasa hivi, mikono inatetemeka.

Mzee wa Bureti

Njia nyingine ni kurisiti, yaani kurudia mtihani. Watu wanaiogopa kwa sababu ya aibu ya mtaani.

Mimi nilipata Baiolojia B, Fizikia D, Kemia E. Chuo nilichokitaka kiliandika wazi kinataka Kemia C. Nikakaa nyumbani mwaka, nikarudia Kemia peke yake. Nilipojichunguza nikaona nadharia sikuwa mbovu kihivyo, nilikuwa nazamia kwenye praktiko. Shuleni kwetu bureti moja, ile mirija ya kioo yenye koki ya kupimia asidi, tulikuwa watano. Anayeshika ni mwenye nguvu, wengine tunanakili namba. Nimefika mtihani wa mwisho sijawahi kufungua koki ya bureti kwa mkono wangu.

Nikamtafuta fundi wa maabara wa shule ya jirani, tukaelewana bei ya Jumamosi. Siku ya kwanza kaniwekea asidi kwenye bureti, besi kwenye chupa, matone mawili ya methyl orange, ile rangi inayobadilika asidi ikizidi, akaniambia niite rangi ikibadilika. Nikafungua koki kama bomba la nyumbani. Njano ikaruka mpaka nyekundu, nikasema tayari. Akaniambia, "Hapo umeua mgonjwa." Jumamosi nne nilikuwa nafanya jambo moja tu: tone, tikisa, tone, tikisa, mpaka ile njano iwe chungwa na isirudi. Karatasi nyeupe chini ya chupa, ndiyo siri.

Nilipata B. Fomu za vyuo zina sehemu ya kuongeza namba ya mtihani wa pili, zote mbili ukaweka. Mtaani waliniita "mwanafunzi wa kudumu" mwaka mzima. Kwa dogo mwenye C ya Kemia nisingemshauri kurisiti mwaka huu, aombe kwanza.

Msafiri

Atakuja mtu kuwaambia mpelekeni nje, ada nafuu, masharti hakuna. Kuna vyuo vizuri China, India, Urusi, nina rafiki zangu wametoka huko na ni madaktari hodari. Ila kabla hujatoa hata shilingi, uliza TCU kama chuo kinatambulika, na chukua ile barua ya kutokuwa na pingamizi, tunaiita NOC. Halafu uliza Baraza la Madaktari Tanganyika, maana mwisho wa safari utawarudia wao.

Mimi wakala alichukua dola 500 za "usajili". Barua ya chuo ilikuja na muhuri umepinda na jina langu wameandika la kike. Nilipouliza TCU, jibu likawa fupi. Wakala simu yake haikupokelewa tena.

Mwana wa Kisauni

Na sisi wa Mombasa hatujambo. Huku Kenya hesabu ni nyingine, ni KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na KUCCPS, wanaopanga watu vyuoni, wanapiga pointi za klasta, yaani za kundi la masomo ya kozi. Mie nilipata B, udaktari ukanipita mbali, nikaletewa kozi ya wadudu. Nikaikataa, nikaenda KMTC, chuo cha mafunzo ya afya, kusomea utabibu. Mamangu alilia siku ile, hii leo akiumwa hataki daktari mwingine ila mimi. Bado naweka akiba ya digrii, polepole.

Mtoa mada

Nimerudi na taarifa, wakuu.

Dogo ameomba vyuo vinne: kimoja Dar kwa ajili ya kumridhisha mama, vitatu mikoani. Tumejaza wenyewe kwa simu yangu, namba ni yake, neno la siri limeandikwa nyuma ya kalenda ya jikoni. Cheti cha kuzaliwa kimeenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kuhakikiwa kwa ajili ya mkopo. Baba hajasema kitu, ila leo asubuhi kaniuliza Ifakara mabasi yanaondokea wapi.

Awamu ya kwanza ikitoka nitaandika hapa, jina liwepo au lisiwepo.