Mwanafunzi akifa ajalini India: njia ipi ya kuhesabu fidia inawafaa wazazi?

Mtanga_Pune

Wakuu, salaam. Niko mwaka wa tatu wa sheria hapa Pune. Chuo kimetupa kesi ya kutunga ya mashindano: lori limegonga basi dogo la shule, likaendelea na pikipiki iliyokuwa nyuma yake. Wamekufa wawili. Mmoja ni mtoto wa miaka 12, mwingine kijana wa miaka 20, mwaka wa mwisho wa uhandisi, hajaoa. Timu yetu inawatetea wazazi. Tumegawanyika kuhusu njia ya kufuata, kwa hiyo naleta ulinganisho wangu muukosoe.

Njia fupi ni kifungu cha 164 cha Sheria ya Magari ya 1988, kama kilivyorekebishwa 2019. Wazazi wanalipwa rupia laki 5 bila kuthibitisha kwamba dereva alikuwa mzembe. (Laki yao ndiyo laki yetu, elfu mia. Neno hilo na "bima" yalivuka bahari zamani kabla yangu.) Ubaya wake ni kwamba ukishaichukua usitarajie kurudi kuomba zaidi. Kifungu cha zamani kilichofanana nacho, 163A, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2004 kuwa malipo yake ni ya mwisho.

Njia ndefu ni kifungu cha 166. Unakwenda Baraza la Madai ya Ajali za Magari, unathibitisha uzembe, na baraza linatoa "fidia ya haki" bila kikomo cha juu. Tatizo liko hapa: mwanafunzi hana mshahara. Unazidisha nini?

Kwa anayefanya kazi, kanuni imetulia tangu kesi ya Sarla Verma (2009) na ya Pranay Sethi (2017, majaji watano). Unachukua kipato cha mwaka, unaongeza matarajio ya baadaye (asilimia 40 kwa aliye chini ya miaka 40 asiye na ajira ya kudumu), unatoa alichokuwa akijitumia mwenyewe, kisha unazidisha kwa namba inayofuata umri. Kwa miaka 15 hadi 25 namba hiyo ni 18. Kwa mwanafunzi nimeona mahakama zikishika moja ya njia tatu: kipato cha kukadiria tu, kima cha chini cha mshahara, au kile ambacho angelipwa akimaliza masomo.

Nimepiga hesabu ya kijana wa miaka 20. Namba za kipato ni za kwangu, za mfano. Kwa kima cha chini cha 12,000 kwa mwezi ni 144,000 kwa mwaka. Ongeza asilimia 40, 201,600. Toa nusu kwa kuwa hajaoa, 100,800. Mara 18, unapata 1,814,400. Kwa mshahara wa mhandisi anayeanza, 25,000 kwa mwezi, njia ileile inafika 3,780,000.

Mtoto wa miaka 12 ndiye anayenisumbua. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilikuwa na kesi ya mtoto wa umri huohuo. Ikakadiria 30,000 kwa mwaka, mara 15, ni 450,000, ikaongeza 50,000 za mengineyo. Jumla laki 5. Yaani miaka ya kesi, mashahidi na mawakili, halafu unarudi kwenye kiasi kilekile cha kifungu cha 164! Mwenzangu mmoja anasema basi kwa mtoto tuchukue njia fupi. Mnaonaje?

Bima_Kilindini

Kaka, mimi nashughulika na madai ya bima Mombasa, si India, lakini hesabu hizi zote mama yao ni mmoja, sheria ya Mwingereza. Huku Kenya mtoto mdogo akifariki mahakimu wengi wanaacha kuzidisha, wanatoa kiasi kimoja cha jumla kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia. Wahindi wameng'ang'ania kuzidisha hata pale ambapo kizidishwa chenyewe ni cha kubuni.

Nikuambie wenye bima watakushambulia wapi. La kwanza, umri. Zamani walikuwa wakisema namba ya kuzidisha ifuate umri wa wazazi, kwa sababu wao ndio wategemezi na hawatakuwepo miaka yote hiyo. Mzazi wa miaka 50 ana 13. Chukua mhandisi wako: 210,000 mara 13 ni 2,730,000. Milioni nzima na zaidi imeyeyuka. Pranay Sethi ilifunga mlango huo, umri ni wa marehemu. Usiwaache waufungue tena.

La pili, hiyo nusu. Umeikubali haraka mno. Sarla Verma yenyewe inasema kama asiyeoa ameacha mama mjane na wadogo wengi wasio na kipato, inaweza kutolewa theluthi moja tu. Soma tena maelezo ya familia kwenye kesi yenu, huenda mtungaji ameficha dada wadogo humo.

La tatu, pikipiki. Walikuwa wangapi juu yake?

Mtanga_Pune

Watatu 🙈

Bima_Kilindini

Nilijua. Mishikaki. Watadai alichangia kifo chake mwenyewe. Lakini Mahakama ya Juu mwaka 2020 ilisema kupakizana watatu ni kosa la barabarani, na peke yake hakumfanyi abiria mchangiaji wa ajali. Lazima waonyeshe kwamba uzito au mkao wao ndio uliosababisha mgongano au ulizidisha madhara. Lori limewagonga kwa nyuma? Wana kazi.

Kabwela

Samahani wasomi. Kwa hiyo kijana wa chuo chenye jina maiti yake ni ghali kuliko ya kijana wa chuo cha uchochoroni? Na wa veta je?

Mtanga_Pune

Ndugu Kabwela, kwa lugha kavu, ndiyo. Mwaka 2010 kulikuwa na kesi ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa BIT Mesra. Huyo hakufa, alibaki na ulemavu wa asilimia 70. Mahakama ilisema wanafunzi wa chuo kama kile huajiriwa wakiwa bado chuoni, ikamkadiria 60,000 kwa mwaka. Leo inaonekana ndogo, lakini ajali ilikuwa ya mwaka 1993. Kanuni ile ndiyo tunayotaka kuitumia: matokeo ya mitihani, jina la chuo, waliotangulia wanalipwaje.

Wanaoitetea wanasema fidia inaziba pengo la kipato, haipimi utu. Mimi ningekubali hoja hiyo kama kwa watoto wadogo wangekuwa na pengo lolote wanaloliziba. Tazama basi la shule lililotumbukia mto Yamuna pale Wazirabad, Delhi, Novemba 1997, watoto karibu 30 wakafa. Sheria wakati ule ilikuwa na jedwali lililosema asiye na kipato ahesabiwe 15,000 kwa mwaka. Namba hiyo iliwekwa 1994 na ikaachwa hapohapo huku bei zikipanda. Wazazi walikwenda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2009 wakaongezewa 75,000 kila mmoja kwa ajili ya matarajio ya baadaye ya mtoto. Miaka kumi na miwili.

Mama Shani

Wanangu, mimi si mwanasheria, ni mzazi. Mwanangu yuko Bengaluru mwaka wa pili na kila siku anapanda pikipiki za kukodi. Tuseme (Mungu apishe mbali) ni mtoto wa kigeni. Mzazi aliye Tanzania atadaije? Na kuna muda wa mwisho?

Mtanga_Pune

Mama Shani, shikamoo. Mungu amlinde kijana. Sheria haimbagui marehemu kwa uraia wake. Anayedai ni mrithi wa kisheria, na baraza linaweza kuwa la mahali ajali ilipotokea, anapoishi mdai, au anapoishi mdaiwa. Kwa aliye nje ya India, cha kwanza ndicho cha kutumia. Mzazi anaweza kumpa mtu aliye kule hati ya uwakilishi afuatilie kwa niaba yake.

Muda ndio wa kuangalia sana. Tangu Aprili 2022 ni miezi sita tu kutoka siku ya ajali. Kuna nafuu moja: polisi wanatakiwa wapeleke taarifa ya ajali barazani, na baraza linaichukua taarifa hiyo kama maombi ya fidia. Lakini mimi nisingekaa Dar es Salaam nikiitegemea. Jalada la polisi, ripoti ya uchunguzi wa maiti, namba ya gari na ya bima yake, barua ya chuo na matokeo ya mitihani vikusanywe mapema, wakati wenzake wa bwenini bado wapo na wanakumbuka.

Mama Shani

Marahaba mwanangu. Nimeandika pembeni.

Wakili_wa_Kizota

Nimechelewa, ila nimesoma uzi wote. Mtanga, kwa kijana uko sawa: njia ndefu, mshahara wa mhandisi kama hoja kuu, kima cha chini kama kimbilio. Ongeza madai ya mazoea, yaani viwango maalumu vinavyolipwa juu ya hesabu ya kipato. Pranay Sethi iliweka 15,000 za mazishi, 15,000 za mirathi na 40,000 za kupotewa na mpendwa, na ikaagiza zipande kwa asilimia 10 kila miaka mitatu. Ndiyo maana hukumu za baada ya 2023 nyingi zinaandika 18,150, 18,150 na 48,400. Na tangu 2018 hiyo ya mwisho anaipata kila mzazi, baba na mama. Jumla ni 133,100. Kijana wako sasa yuko 3,913,100.

Kwa mtoto umekosea, na huyo mwenzako anayetaka njia fupi atawapotezea mashindano. Hukuona kitu cha ajabu? Mwaka 2020 Mahakama ileile ilikuwa na msichana wa miaka 12 wa Haryana, hai, mwenye ulemavu wa asilimia 100. Kwake ilitumia kima cha chini cha fundi mwenye ujuzi, ikaongeza asilimia 40, ikazidisha kwa 18. Umri ni uleule. Aliyeumia kahesabiwa kama fundi, aliyekufa, katika ile hukumu ya miaka miwili baadaye, kahesabiwa 30,000 kwa mwaka. Gharama za matibabu na uuguzi zinaeleza kwa nini jumla zinatofautiana. Kipato cha kuanzia hazikielezi hata kidogo.

Mwaka 2025, katika kesi ya mvulana wa miaka 8 wa Gujarat, Mahakama ya Juu ilisema mtoto aliyekufa au aliyepata ulemavu wa kudumu asiwekwe fungu moja na mtu asiye na kipato. Ahesabiwe angalau kwa kima cha chini cha mfanyakazi mwenye ujuzi wa jimbo husika. Na mdai asipoleta jedwali la viwango hivyo, kampuni ya bima ndiyo ilete.

Bima_Kilindini

Hiyo ya kampuni ya bima kuleta jedwali imenichoma, lakini naikubali. Watakujibu kwamba mvulana wa Gujarat alikuwa hai, kwa hiyo neno "aliyekufa" ni la ziada tu, halifungi.

Wakili_wa_Kizota

Watajibu hivyo, na ndipo kesi ya mashindano inapoanza.

Mtanga_Pune

Kaka Wakili, ahsante sana. Nimerudia kwa 12,000 zilezile: 201,600, nikitoa nusu, mara 15, ni 1,512,000. Nikitumia 18 ni 1,814,400, sawasawa na kijana asiye na cheti. Hata hiyo nusu nitaipinga, kwa sababu kwenye ile kesi ya 30,000 hawakutoa chochote. Kimebaki kitu kimoja cha kubishania na timu usiku huu, 15 au 18. Jedwali la Sarla Verma linaanzia miaka 15, chini ya hapo kila jopo la majaji na lake. Nikipata hukumu inayosema wazi nitairudisha hapa.