Naomba msaada: baada ya apdeti diski inaleta makosa na snapshoti zote zimetoweka

Mama Daftari (Kigoma)

Wakuu, habari za majukumu. Natunza hesabu za kikundi chetu cha akina mama wauza dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Laptopu tunayotumia ina diski ya 500GB, zile za kuzunguka, na ilikuwa na Windows 10. Kwa kuwa Microsoft walisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ilikidhi vigezo, tukaipandisha kwenda Windows 11. Ilimaliza bila shida, ikawaka.

Siku zilizofuata ndipo mambo yalipoanza. Inawaka kwa kusuasua, faili la Excel la mikopo leo linafunguka kesho linagoma, na kuna ujumbe unajitokeza pembeni ukinitaka niwashe upya ili irekebishe makosa ya diski. Nikasema nirudi nyuma kwa snapshoti, yaani zile pointi za kurejesha zinazotunza hali ya mfumo ya siku za nyuma. Nimefungua sehemu ya kurejesha mfumo, orodha ni tupu! Kabla ya apdeti zilikuwepo kadhaa.

Humo ndani kuna mikopo ya wanachama tangu ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Wengi walikopa kipindi kile ili watoto wale, na marejesho yanaendelea mpaka leo. Zikipotea zile hesabu, akina mama wataanza kutazamana vibaya, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Je, nikubali irekebishe diski? Snapshoti zinarudishika? Na je, apdeti ndiyo iliyoua diski? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Gungu

Pole sana dada. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) kama admini, andika chkdsk C: /r, kubali, washa upya, iache usiku kucha kwenye umeme. Za wateja wangu nyingi zimepona hivyo.

Fundi wa Isevya (Tabora)

Mzee wa Gungu, heshima yako, lakini kwa hili naomba nipingane nawe. Dada, usiikubalie hiyo amri bado, na ule ujumbe wa kuwasha upya upuuze kwanza.

Chkdsk kazi yake ni kuweka sawa mpangilio wa mafaili, haikuundwa kuokoa data. Ikikuta faili lina kipande kisichosomeka, inakiondoa, na mabaki mengine inayatupa kwenye folda inayoitwa found.000 yakiwa na majina ambayo hutayatambua. Kwa diski yenye afya haina neno. Kwa diski inayoelekea kufa, /r inailazimisha isome kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha kuhifadhia data, mwanzo hadi mwisho, saa nyingi mfululizo, na wapo ambao diski zao hazikuamka tena baada ya hapo.

Leo hii, kabla hujalala, chomeka flashi unakili folda ya mikopo. Anza na mafaili ya mwaka huu, fuata ya 2024 na 2025. Picha na video ziache mwisho kabisa. Faili likigoma, liruke uendelee na mengine, usilirudierudie.

Ukishanakili, weka CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, utuletee namba za mistari minne: 05, C5, C6 na C7. 05 ni sekta ambazo diski yenyewe imeshazitoa kazini na kuweka za akiba. C5 ni zile inazozitilia shaka, imeshindwa kuzisoma na inasubiri. C6 ni zilizoshindikana. C7 ikipanda, mara nyingi kosa liko kwenye kebo au soketi, diski yenyewe ikawa haina hatia.

Kuhusu apdeti kuua diski: sidhani. Kutoka 10 kwenda 11 inaandika GB nyingi na kugusa sehemu za diski ambazo pengine hazijaguswa kwa miaka. Sekta mbovu zilikuwepo, hakuna aliyekuwa anazisoma.

Lwiche

Kwani sfc /scannow haitoshi? Mimi ilinisaidia.

Fundi wa Isevya (Tabora)

Ile inakagua mafaili ya Windows yenyewe tu. Diski ikiwa mbovu, inabandika nakala safi juu ya diski hiyohiyo mbovu. Haigusi Excel ya mtu.

Halafu nilisahau swali la snapshoti, nalo ndilo linalowaponza wengi. Apdeti kubwa ya namna hii huondoka na pointi za zamani za kurejesha, kwa hiyo hazirudi. Ila hata zingekuwepo, zisingekuokoa. Kwanza, ukirejesha mfumo kwa pointi hizo unarudisha mafaili ya Windows, programu na mipangilio, nyaraka zako haziguswi. Pili, snapshoti ya Windows haibebi nakala kamili ya diski. Ni kama mtunza hesabu anayeandika tarakimu ya zamani pembeni kabla ya kuibadilisha: kisichobadilika hakiandikwi popote, kinasomwa palepale kilipo. Na hizo zinazoandikwa pembeni zinakaa kwenye diski hiyohiyo, ndani ya folda iliyofichwa ya System Volume Information. Diski ikifa, zote zinakwenda.

Mama Daftari (Kigoma)

Mungu awabariki. Mafaili yote ya mikopo yametoka, isipokuwa la Machi, linafika katikati linaganda. CrystalDiskInfo imeweka rangi ya njano. 05 ni sifuri, C5 imeandika 38, C6 nayo 38, C7 sifuri. Nimeona pia folda ya Windows.old. Nikirudi Windows 10 kupitia hiyo?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Usirudi. Nafasi hiyo hudumu siku 10 tu kwa kawaida, lakini hata kama bado ipo, kurudi nyuma ni kuhamisha maelfu ya mafaili juu ya diski mgonjwa.

Halafu angalizo: CrystalDiskInfo huonyesha namba hizo kwa mfumo wa kumi na sita. Hiyo 38 yako ni sekta 56 (3 mara 16, jumlisha 8). C7 kuwa sifuri inaiondoa kebo kwenye lawama. Diski inakufa, nunua nyingine.

Faili la Machi linaweza kutafutwa kwa ddrescue, ukiwasha mashine kwa flashi ya Linux. Hiyo inanakili kwanza vinavyosomeka kirahisi, vigumu inaviacha mwisho, na inaweka ramani ya ilipofikia ili umeme ukikatika isianze upya. Ila mpe mtu anayeijua, kwa sababu ukikosea kuandika diski ipi ni chanzo na ipi ni pa kupokelea, unafuta vyote.

Mzee wa Gungu

Kwa C5 ya 56 hata mimi nisingeendesha /r. Mteja akija na diski isiyo na dalili hizo, nitaendelea kuitumia.

Binti Mwanga

Nyongeza mbili, dada. Kabla fundi hajaitoa diski nje, angalia kama BitLocker, lile kufuli la Windows la kuficha data ya diski, imewashwa. Ikiwa imewashwa, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 kwanza, mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft, la sivyo diski ikichomekwa kwenye mashine nyingine haitafunguka.

La pili, hizi flashi za 2TB zinazouzwa bei ya kutupa hapa mjini, nyingine ndani ni GB chache tu. Zinapokea mafaili yote, majina unayaona, ukifungua hamna kitu. Ipime kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi, kabla hujaiamini na mikopo ya watu. Na ufungue kila faili ulilonakili kwenye kompyuta nyingine, usitosheke na kuona jina.

Mama Daftari (Kigoma)

Mrejesho. Nimefungua mafaili yote kwenye simu ya mwanangu, yanasomeka. La Machi limepatikana bila hata ddrescue: nilikuwa nimemtumia mweka hazina kwa WhatsApp mwisho wa mwezi, na bado alikuwa nalo. BitLocker haijawashwa. Kikundi kimeridhia kununua SSD, zile diski zisizozunguka. Swali la mwisho, fundi ahamishe diski yote kama ilivyo, au aanze upya?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Aanze upya. Ukihamisha kama ilivyo unabeba na mafaili ya mfumo yaliyokwisha kuharibika. Akimaliza, awashe ulinzi wa mfumo kwenye C, ule unaotengeneza pointi za kurejesha, maana mara nyingi huja umezimwa, na awashe File History, huduma ya Windows ya kunakili mafaili, iandike kwenye diski ya nje. Diski hiyo isilale kwenye begi moja na laptopu. Nakala nyingine ikae kwa mweka hazina, muibadilishe kila mnapofunga hesabu.

Ile diski ya zamani msiiformati wala msimwachie fundi. Ifungeni kwenye mfuko, ikae mpaka kila mwanachama alinganishe deni lake na kadi yake na kukubali.