MREJESHO: Meno ya familia nzima, tumeshamwona daktari

Wakuu, niliuliza kama kuna haja ya kuziba jino la utoto la binti yetu wa miaka 6 wakati litang'oka lenyewe, na kama daktari mmoja anaweza kutuangalia wote mpaka babu. Asanteni sana kwa majibu.

Jino limezibwa. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, na likitolewa mapema meno ya jirani husogea, la ukubwani likakosa nafasi. Kisha daktari akampa binti kioo amwonyeshe kule nyuma kabisa: gego la kwanza la ukubwani linachungulia, na halijang'oa jino lolote. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhania la utoto. Likishatoka vizuri litapakwa utando wa kuziba vijifereji vyake.

Mama watoto fizi zilikuwa zinamtoka damu. Amekwanguliwa ukoga uliogandamana, na ameambiwa asiparuke hapo panapotoka damu, apasugue kwa mswaki laini.

Babu hana jino hata moja, lakini naye amekaguliwa fizi na ulimi. Meno ya bandia ayavue usiku, ayaloweke kwenye maji.

Kwa nyumba nzima, jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue: ukimaliza kupiga mswaki tema povu, usisukutue kwa maji, ili floraidi, madini ya kwenye dawa ya meno yanayokinga meno yasioze, ibaki kwenye meno. Mdogo wetu wa miaka 2 anawekewa dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele tu, na anayemswakia ni mtu mzima.